pH haiuzwi kwa lita, jamani

Juzi nipo duka la pembejeo Uyole, Mbeya, nasubiri chenji, akaingia kijana mmoja ana grinihausi ya nyanya, amepanda kwenye mifuko ya kokopiti, lile vumbi la makumbi ya nazi. Akamwambia muuzaji, "kaka, nyanya zangu zimeishiwa pH, nipe ya lita moja." Muuzaji wala hakushtuka. Akamshushia chupa ya busta, ile mbolea ya maji ya kunyunyizia majani, akapokea hela, kijana akaondoka.

Sio mara ya kwanza. "Maji yangu yana pH nyingi." "Udongo wa Njombe hauna pH." "Hii mbolea ina pH nzuri." Nimevumilia sana ila hiyo ya lita moja imenishinda, leo naandika.

Maana yenyewe ni fupi. pH ni namba inayokuambia kitu cha majimaji kina uchachu kiasi gani, 7 ndio katikati, chini ya hapo ni tindikali, juu ya hapo ni alkali. Basi. Ni kipimo, sio kitu. Mtoto akiwa na homa husemi mtoto ana themometa nyingi, na themometa haimalizi homa hata ukimmezesha (usimmezeshe). Kwa hiyo pH haiishi, haijai, na hakuna aliyewahi kunyunyizia pH.

Sasa jina limetoka wapi, maana nadhani mkanganyiko wote unaanzia hapa. Mwaka 1909 mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, alikuwa anafanya kazi maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg kule Copenhagen, ndio, bia, kwenye bia uchachu ukikosewa kidogo tu pipa zima limeharibika. Jamaa alichoka kuandika wingi wa ioni za haidrojeni, ndizo zinazoleta uchachu, kwa namba kama 0.00001 kila siku. Hiyo ni 10 kwa kipeo cha hasi 5, akaona ya nini mateso, tuchukue hicho kipeo peke yake, tutupe ile hasi, tuite 5. H ni haidrojeni. Ile p watu wanabishana mpaka leo, wengine wanasema ni neno la Kijerumani, wengine la Kifaransa, ila yote mawili yanaangukia kwenye kipeo kile kile ulichofundishwa sekondari ukakisahau. Na kwa sababu hasi imetupwa, namba imegeuka: uchachu ukiongezeka pH INASHUKA. Ndio maana mtu akisema "pH imezidi, tindikali imekuwa kali" najua hapo amebahatisha. Halafu ni vipeo, kwaiyo 5 na 6 hazijapishana kidogo, 5 ina uchachu mara kumi ya 6, na mara mia ya 7. Kutoka 5.8 kwenda 6.8 sio "kapoint kamoja tu" kama wengi wanavyosema.

Neno alkali nalo ni la Waarabu, limetokana na majivu ya mimea. Bibi yako aliyekuwa anamwaga majivu ya jikoni kwenye bustani alikuwa anapandisha pH bila hata kumjua Sørensen.

Tukirudi kwenye mifuko. Kinachowachanganya watu wa huku kwetu ni kwamba mashambani shida yetu ni tindikali. Udongo wa sehemu nyingi za Njombe, Mufindi na Rungwe ni mchachu, chai inaupenda, mahindi hayaupendi, ndio maana bwana shamba kila akisimama anahubiri chokaa ya kupandisha pH. Yuko sahihi kabisa, shambani. Ila mtu anaibeba hotuba hiyo hiyo mpaka kwenye kokopiti, ambayo sio udongo, haina ule mfinyanzi wala ile aluminiamu inayotusumbua shambani. Kwenye mchanganyiko usio na udongo unataka 5.5 mpaka 6.2 hivi, wakati shambani tunatafuta 6 na kitu kuelekea 7. Ile chati maarufu yenye mistari minene na myembamba inayoonyesha kila kirutubisho kinapatikana kwenye pH gani, ile ya Truog ya miaka ya 1940, ilichorwa kwa udongo wa madini, yaani wa kawaida wa shambani. Mwaka 1961 Lucas na Davis walitoa ya udongo wa mboji na kila kitu kikasogea chini, kama pointi moja mpaka moja na nusu. Chati inayosambazwa kwenye simu zetu ni ile ya kwanza.

(Ukitafuta habari za kokopiti mtandaoni utakutana na wakulima wa bangi wa Kanada, kwao ilihalalishwa 2018 na wanajua hii mada vizuri kuliko vitabu vingi. Huku kwetu bangi ni kesi, mi nalima nyanya, ila namba za pH zao na zangu hazipishani sana.)

Sasa nifike kwenye kinachonikera zaidi. Mtu akisema "maji yana pH nyingi", kuna kitu kweli anakiona, ila anakiita jina la kipimo. Kitu chenyewe kinaitwa baikaboneti, na ndio hicho kiko ndani ya maji, kina uzito, kinaweza kuwa kingi au kidogo. pH inakuambia maji yako wapi sasa hivi, baikaboneti inakuambia maji ni mabishi kiasi gani ukijaribu kuyahamisha.

Nilijaribu mwenyewe. Ndoo mbili za lita 20, moja maji ya kijito kutoka mlimani, nyingine maji ya kisima kirefu upande wa Songwe, kule kwenye mawe ya chokaa na chemchemi za moto. Kalamu ya pH ikasoma 7.8 kote kote. Ungesema maji mapacha. Nikavaa glovu, nikavuta asidi ya fosfori mililita moja kwa sindano nikaitia ndoo ya kijito, nikakoroga, ikaporomoka mpaka 3.5, hapo ukimwagilia unaunguza mizizi. Mililita moja hiyo hiyo kwenye ndoo ya Songwe, 7.1. Asubuhi yake nikapima tena, ya Songwe imejirudia 7.5 yenyewe, hewa ukaa imetoka usiku maji yakapanda. pH moja, tabia mbili kabisa.

Hayo maji ya Songwe ndiyo yaliyonipiga msimu wangu wa kwanza. Majani ya juu, yale machanga, yakaanza kuwa njano huku mishipa imebaki kijani, nikaambiwa nyanya zina njaa ongeza mbolea, nikaongeza, kipimo cha chumvi, EC, kikafika 3.8 na njano ikazidi. Chuma ilikuwepo tele humo kwenye mfuko ila pH ikishapita 6.5 inajifunga, mzizi unaiona hauwezi kuila. Ni kama kufungiwa stoo ya mchele bila jiko. Na EC ni habari nyingine hapa, inakuambia chumvi za mbolea ni nyingi kiasi gani kwenye maji, haijui hata kidogo kama ni chachu au hapana, lakini dukani watu wanazisema hizo mbili kama pacha.

Nilichokuja kufanya ni kukinga maji yanayovuja chini ya mfuko, kwenye kopo, nayapima hayo pamoja na yanayoingia. Kama yanaingia 5.9 yanatoka 7.2, tatizo liko ndani ya mfuko, na limejengeka wiki kwa wiki. Siku hizi naanza na asidi kwenye tenki mpaka baikaboneti iishe nguvu, ndio naweka mbolea, na masika nachanganya na maji ya mvua maana hayana ubishi wowote. Siki na ndimu zinashusha kweli ila bakteria wanazila, kesho uko pale pale. Na maji ya betri achana nayo, hujui kuna madini gani humo.

Yule kijana nilimkuta nje anafunga chupa kwenye bodaboda. Tukaongea kidogo, nikamwambia mdogo wangu, siku nyingine ukiingia dukani usiseme pH imeisha, sema "yanaingia 5.8, yanatoka 7.3, majani ya juu ni njano." Akauliza na hii busta je? Nikamwambia kapime kwanza, na usiifungue kifuniko, wanaweza kukurudishia hela.