Kuzaliwa Uingereza sio uraia

Bado watu wanaambiana ukijifungulia Uingereza basi mtoto kashakuwa raia, na wengine wanapanga maisha kabisa kwa hilo. Jamani, hiyo iliisha tarehe 1 Januari 1983. Tangu hapo mtoto anazaliwa raia kama mzazi mmoja ni raia au ana ukaazi wa kudumu, mkiwa na viza ya masomo au ya kazi tu mtoto anapata cheti cha kuzaliwa cha kule basi. Ila njia zipo, mzazi akipata ukaazi baadaye anaweza kumsajili mtoto kuwa raia kabla hajafika miaka 18, na mtoto aliyekulia huko miaka 10 ya mwanzo anaombewa uraia hata kama wazazi hawana makaratasi. Tunzeni barua za kliniki na shule, ndo ushahidi wenyewe.