Vijiji vinavyouzunguka mji wa milimani: dhana potofu na ukweli

Mji mkuu wa eneo la milima una hoteli, stendi na barabara nzuri, na mgeni huufanya kituo cha kutokea kwenda vijiji vya jirani. Safari hizo zinastahili kabisa. Zinapoharibika, kisa mara nyingi ni hesabu za tambarare kupelekwa mlimani.

Dhana: "Kijiji kiko kilomita 8 tu, ni saa moja na nusu kwa miguu."

Ramani hupima umbali kana kwamba ardhi imelala. Kanuni aliyoitoa Mskoti William Naismith mwaka 1892 bado inafaa: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 8 zenye mwinuko wa mita 900 zinakula saa 1 na dakika 36 za kutembea, jumlisha saa 1 na dakika 30 za kupanda. Hizo ni saa 3 na dakika 6, na bado hujakaa chini kunywa maji.

Kurudi nako si kuteleza tu. Kwenye mteremko mkali hatua hufupika na magoti hubeba uzito wote, hivyo ongeza dakika 10 kwa kila mita 300 za kushuka. Njia ileile inarudi kwa saa 2 na dakika 6. Jumla saa 5 na dakika 12, bila kituo hata kimoja.

Mwinuko huo unasomeka kwenye kontua, mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, kabla hujatoka chumbani. Kwenye ramani ya 1:25,000, sentimita moja ni mita 250. Ikiwa kontua zimepangwa kila mita 10 na njia yako inazikata 10 ndani ya sentimita moja, unapanda mita 100 ndani ya mita 250. Hapo utapanda umeshika magoti. Bora utafute njia inayozunguka.

Dhana: "Jua linatua saa kumi na mbili, kwa hiyo nina muda."

Bondeni jua huondoka mapema kwa sababu ukingo wa mlima hulikinga. Nyoosha mkono mbele yako: ngumi moja ni takriban nyuzi 10, na jua husogea nyuzi 15 kwa saa. Mahali ambapo jua hushuka karibu wima, ukingo wenye kimo cha ngumi mbili upande wa magharibi unakunyima jua kwa zaidi ya saa nzima. Mwanga utabaki kwa muda, ila baridi inaingia papo hapo. Na usiku hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, hutiririka na kutuama bondeni. Kijiji cha chini kinaweza kuwa na baridi kuliko kile cha ubavuni.

Dhana: "Mji uko chini, vijiji viko juu."

Si kila mahali. Cusco, nchini Peru, uko karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, wakati makazi ya bonde la jirani yako chini zaidi: Ollantaytambo uko karibu mita 2,800 na Pisac haifiki 3,000. Anayetua Cusco kwa ndege anafanya vyema kuteremka bondeni na kulala huko siku mbili tatu za mwanzo, kisha aupande mji.

Ugonjwa wa mwinuko huanza kuonekana kuanzia karibu mita 2,500, mara nyingi saa 6 hadi 12 baada ya kufika: kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu. Kuwa mwanamichezo hakukukingi. Ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku. Mtu akianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kukosa pumzi akiwa amekaa, ateremshwe saa hiyohiyo, asisubiri asubuhi.

Dhana: "Kuna basi, nitaenda asubuhi nirudi jioni."

Gari la kijiji linawahudumia wanakijiji: alfajiri huwateremsha mjini, alasiri huwarudisha. Ratiba yako wewe ni kinyume chake kabisa. Muulize dereva, "La mwisho la kurudi mjini linatoka huko saa ngapi?" Jibu likiwa "asubuhi", panga kulala huko au tafuta usafiri mwingine kabla ya kuondoka. Siku ya gulio magari huwa mengi zaidi, ila hujaa mizigo.

Dhana: "Hapa hakujanyesha, mto uko salama."

Maji yanatoka juu usikokuona. Na barabara nyingi za milimani hufuata mto, kwa kuwa ni hapo tu palipo na ardhi ya usawa. Mto ukifurika, njia ya kutokea nayo huenda. Kimbunga Helene kilionyesha hivyo mwishoni mwa Septemba 2024 karibu na Asheville, Marekani. Udongo ulikuwa umeshalowa kwa mvua za siku zilizotangulia, na makazi madogo kama Chimney Rock, Swannanoa na Marshall yalipigwa vibaya na mafuriko.

Ukiona maji yamegeuka kahawia ghafla na yanabeba vijiti na majani, acha gari, panda ubavuni kwa miguu. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 humwangusha mtu mzima. Sentimita 30 hubeba gari dogo.

Dhana: "Bila mtandao, simu haina kazi."

GPS ya simu, inayokuonyesha ulipo, hupokea mawimbi ya setilaiti na haihitaji mtandao. Kinachokosekana ni picha ya ramani, basi ipakue ungali mjini. Iweke simu mfuko wa ndani, kwani baridi humaliza betri.

Dhana: "Kuteremka na gari ni kukanyaga breki tu."

Breki zikikanyagwa mfululizo huchemka na kupoteza nguvu. Teremka kwa gia ileile ambayo ungepandia, injini ilishike gari, na kanyaga kwa vipindi vifupi. Ukisikia harufu ya kuungua, au pedali ikianza kuwa laini, simama mahali papana uziache zipoe zenyewe. Usizimwagie maji, chuma cha moto kinaweza kupasuka.