Shingo iliyounganishwa utotoni: mzazi, usiache kliniki

Mwite kwa nyuma mtoto aliyeunganishwa pingili za juu za shingo. Hageuzi kichwa, anageuza mabega, kiuno, pengine na miguu, ndipo akuone. Wazazi wanaokuja Mwanza kutoka Ukerewe au Sengerema huona hivyo wakadhani upasuaji umeharibika. Haujaharibika.

Takribani nusu ya uwezo wa shingo kugeuka kulia na kushoto iko kati ya pingili ya kwanza na ya pili. Zikilegea, kwa ajali au kwa maumbile ya kuzaliwa, huweza kubana neva kuu inayopita ndani ya uti wa mgongo, mtoto akapooza au hata akashindwa kupumua. Ndiyo maana tunazifunga kwa skrubu au waya na kupandikiza kipande cha mfupa, mara nyingi cha nyonga au ubavu, zishikane. Mgeuko ule haurudi.

Mama huuliza kwanza: "Daktari, hatadumaa?" Pingili mbili ni sehemu ndogo sana ya kimo cha mtu, hilo lisikunyime usingizi. Mimi nahofia pingili za chini yake. Kazi yote inahamia huko, na miaka ikienda zinaweza kuchakaa mapema, kulegea, au shingo ikapinda isivyo kawaida. Kwa watoto wadogo, mfupa unaoota wakati mwingine huvuka mpaka ukaunganisha hata pingili ambayo hatukuigusa. Mwanzoni hakuna maumivu. Mtoto anacheza, nauli ya kivuko ni ghali, kadi ya kliniki inawekwa kabatini. Lakini mabadiliko hayo huanza kuonekana kwenye eksirei, ile anayopigwa akiinamisha na kuinua shingo, na anaihitaji mpaka amalize kukua.

Ndoo ya maji asibebe kichwani. Mpe kidumu cha mkononi. Kujirusha ziwani kwa kichwa kutoka kwenye mawe, marufuku kabisa. Shuleni akae katikati, aelekee ubao. Barabara kubwa, kama ya Buzuruga hapa Mwanza, asivuke peke yake kabla hajazoea kugeuka mwili mzima.

Mikono ikifa ganzi, mwandiko ukiharibika ghafla, akianza kujikwaa au kujikojolea, mlete siku hiyohiyo.

Na kadi ile itoeni kabatini. Siku akihitaji upasuaji mwingine, hata wa kidole tumbo, mtaalamu wa usingizi aione mapema: shingo isiyokunjuka nyuma humpa shida kupitisha mpira wa hewa kooni, na hutakiwa aandae vifaa vingine kabla mtoto hajalala.