Choo kifupi, kisima kirefu: tunavyoyadhania maji ya chini ya Dodoma

"Choo changu kina futi ishirini, kisima kina mita mia moja. Vitakutana wapi?" Jirani yangu aliniuliza hivyo wakati fundi anachimba shimo la choo, hatua kumi na tano tu kutoka kwenye kisima chake. Kwa hesabu za haraka, unaona kabisa kwamba ameshinda.

Kosa liko kwenye ile mita mia. Huo ni urefu wa shimo la kisima, si safari ambayo maji lazima yasafiri kabla ya kuingia humo. Chini ya udongo wetu wa Dodoma kuna mwamba wa graniti. Graniti isiyo na ufa haipitishi maji. Maji hukaa kwenye tabaka la mwamba uliooza na kwenye nyufa za ule ulio mgumu. Udongo mzuri, mkavu na mnene huchuja vijidudu vingi kabla havijafika mbali. Ufa hauchuji chochote. Halafu kuna hila nyingine ambayo wateja wengi wa visima hawaijui: kama mchimbaji hakuziba kwa saruji ile nafasi kati ya bomba na ukuta wa shimo katika mita za juu, maji machafu yanateremka kandokando ya bomba moja kwa moja hadi chini. Umelipia kina cha mita mia, ukanywa maji ya mita tano.

Wapo wanaosema haya yanawahusu wenye visima vya nyumbani tu, kwa kuwa maji ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, yanatoka Mzakwe, mbali na vyoo vya mjini. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya maji ya jiji imetoka kwenye visima virefu vya bonde la Makutupora, kaskazini ya mji, ambako ndiko Mzakwe, na choo cha Chang'ombe, mtaa wa mjini, hakina njia ya kwenda kuvichafua. Lakini mji haujakaa pale ulipokuwa. Serikali ilipotangaza mwaka 1973 kwamba makao makuu yanahamia Dodoma, huku kaskazini kulikuwa mashamba na vichaka. Tangu Serikali ihamie kwa vitendo kuanzia 2016, viwanja vimesogea barabara ya Arusha, kupita Miyuji na Veyula, kuelekea huko huko kwenye bonde. Na bonde lenyewe lina wakulima wa zabibu na nafaka. Kinachomwagwa shambani, dawa au mbolea, kinamwagwa juu ya paa la tangi letu.

Sasa nije kwenye dhana ninayoiona ya hatari kuliko zote, kwa sababu inasikika kama busara: "mvua kubwa ikija itasafisha". Dodoma tunapata wastani wa milimita 550 hivi za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na jua linayarudisha maji mengi angani kama mvuke kabla hayajapata njia ya chini. Vipimo vya kina cha maji Makutupora vimewekwa tangu miaka ya 1950, na vinaonyesha jambo la kushangaza: maji hayaongezeki kidogo kidogo kila masika. Hukaa miaka yakishuka, kisha unakuja msimu wa mvua isiyo ya kawaida, kama ule wa El Niño wa 1997/98, yanapanda kwa kishindo. Kwa hiyo fikiria mwenyewe. Mvua ile ile tunayoingojea kujaza tangi ndiyo inayofungua milango yote kwa wakati mmoja, na inapita kwanza kwenye vyoo vilivyofurika, kwenye majalala na kwenye makorongo. Uchafu ukishashuka, maji yaliyo chini hayana mkondo wa kuuondoa kama mto. Mto ukichafuliwa unaweza kujisafisha baada ya majuma; maji ya chini yanaweza kubaki na kilichoingia kwa miongo.

"Nayachemsha." Vizuri, endelea kuyachemsha: kipindupindu, homa ya matumbo na amiba hufa. Nitrati haifi, kwa kuwa haikuwahi kuwa hai. Inatokana na kinyesi, mikojo na mbolea, haina rangi, haina harufu, na sufuria ikipunguza maji, nitrati inayobaki inakuwa nzito zaidi katika kila lita. Klorini nayo haiigusi. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya mtoto mchanga anayelishwa maziwa ya unga yaliyochanganywa na maji hayo. Damu yake inapoteza uwezo wa kubeba oksijeni, midomo na kucha vinageuka bluu. Mama amechemsha maji kwa uaminifu wote, na bado.

Ladha pia inadanganya. Maji chumvi ya visima vingi vya kanda hii ya kati yanatoka kwenye mwamba na udongo, si kwenye uchafu wa mtu. Hali kadhalika floridi, ambayo ikizidi miligramu 1.5 kwa lita huharibu meno ya watoto na hatimaye mifupa. Hiyo si kazi ya mtaa wako. Kwa upande mwingine, maji matamu kama ya mvua yanaweza kuwa na nitrati tele.

Oili chafu na petroli ya gereji nisiseme sana. Benzini, moja ya vitu vilivyomo kwenye petroli, inaruhusiwa hadi miligramu 0.01 tu kwa lita ya maji ya kunywa. Mwaga kopo moja ardhini, halafu upige hesabu.

Na yule anayesema kisima kilichokauka hakina madhara tena, aende akakiangalie chake. Kwa kawaida kimefunikwa bati na jiwe, watoto wanatupia mawe, maji ya mvua ya uani yanaingilia hapo. Hakina maji ya kukupa wewe, lakini bomba lake bado linafika chini. Kinachotakiwa ni kukijaza vitu safi visivyopitisha maji kwa urahisi, udongo wa mfinyanzi au saruji, kuanzia chini hadi juu, na kazi hiyo ifanywe na mchimbaji anayeijua. Jirani yangu anacho kimoja, nyuma ya jiko. Choo kipya kimeshamalizika, kina vigae na mlango wa bati la buluu, na kisima cha zamani bado kina jiwe lake.