Dawa ya "kuyeyusha damu" haipunguzi damu

Wiki hii nimeelezwa tena, safari hii na mzee wa Ngamiani aliyepata shambulio la moyo miezi miwili iliyopita, kwamba ameacha aspirini na klopidogreli kwa kuwa damu yake imekuwa "nyepesi kama maji", na sasa anakunywa juisi ya rozela ili airudishe.

Lawama naanza kulibebesha jina lenyewe, "dawa ya kuyeyusha damu". Dawa hizi hazipunguzi damu wala haziifanyi kuwa maji. Wingi wa damu haushuki kwa kuzimeza, isipokuwa mgonjwa awe anavuja damu mahali fulani. Mara nyingi shambulio la moyo hutokea pale utando wa mafuta ulio ndani ya mshipa wa moyo unapopasuka, chembe sahani (chembe ndogo za damu zinazoigandisha) zikajikusanya juu yake na kufanya donge linaloziba njia. Aspirini na klopidogreli huzuia chembe hizo zisishikamane, na chembe iliyokwisha kuzuiliwa hubaki hivyo mpaka ife, yaani siku 7 hadi 10. Ndiyo maana anayeacha dawa haoni badiliko lolote siku za mwanzo, akajiona ameshinda hoja, kumbe kila kukicha chembe mpya zisizozuiliwa zinaongezeka. Kifua kutouma si kipimo cha kupona. Kwa kawaida dawa hizo mbili hutumika pamoja kwa miezi 12, kisha aspirini huendelea. Na aliyewekewa stenti (kijibomba cha kuuweka wazi mshipa wa moyo) karibuni asithubutu kuziacha, hata kwa ajili ya kung'oa jino, kabla ya kumwuliza daktari wake wa moyo.

Wengine husema sindano ya heparini huyeyusha donge. La, huzuia lisikue. Dawa ya kuliyeyusha ni streptokinesi na wenzake, ambayo manufaa yake hupungua kadiri saa zinavyopita, na baada ya saa 12 huwa madogo mno, kwa hiyo anayeumwa kifua usiku kule Pangani asingoje kupambazuke. Onyo la kuacha mchicha na kisamvu humhusu anayetumia warfarini, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, naye haambiwi aviache bali ale kwa kiasi kisichobadilika-badilika. Na kitunguu saumu wanachokishika badala ya dawa ni kiungo cha mchuzi.

Ninachokiogopa kuliko vyote hivyo ni diklofenaki, dawa ya maumivu ya magoti inayonunuliwa dukani bila kuuliza, kwa sababu ikichanganywa na dawa hizi tumbo huweza kuvuja damu; kinyesi kikiwa cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyo hiyo na vidonge vyako vyote mkononi.