Kompyuta Inayojifunza Kemia ya Hewa ya Ncha za Dunia

Mei 1985 watafiti watatu wa Uingereza, Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, walichapisha vipimo vya kituo cha Halley, Antaktika. Ozoni, gesi inayotukinga na mionzi hatari ya jua, ilikuwa ikipungua juu ya kituo hicho kila Oktoba, mwaka baada ya mwaka. Ozoni hupimwa kwa kizio cha Dobson. Vizio 300 maana yake ni kwamba ozoni yote iliyo juu ya kichwa chako, ikishushwa hadi usawa wa bahari na kukusanywa pamoja, inafanya tabaka la unene wa milimita 3 tu. Halley ya miaka ya 1950 ilikuwa ikipata karibu kiasi hicho mwezi Oktoba. Kufikia 1984 ilibaki kama theluthi mbili yake.

Setilaiti ya Marekani, Nimbus 7, ilikuwa ikipita juu ya eneo hilohilo na kuuona upungufu huo. Ila programu ya kuchakata data ilikuwa imeelekezwa kukitilia alama ya shaka kila kipimo kilichoshuka chini ya 180, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona ozoni ndogo namna hiyo. Vipimo havikufutwa, lakini viliwekwa kando vikisubiri kuhakikiwa. Vilipopitiwa upya, shimo likaonekana limetanda juu ya bara zima.

Naanza na habari hii kwa sababu leo kompyuta inakabidhiwa kazi nzito zaidi ya kutia alama. Inafundishwa kuikisia kemia yenyewe. Kazi hiyo ina manufaa makubwa na naiunga mkono, lakini umma unastahili kujua inaweza wapi na inakwama wapi.

Tuanze na kinachotokea kule juu. Majira ya baridi yakifika, jua hupotea ncha ya kusini kwa miezi. Upepo mkali huizunguka Antaktika na kuifungia hewa baridi ndani. Halijoto ikishuka chini ya nyuzi -78 za Selsiasi, mawingu hutokea kwenye stratosfia, kimo cha kilomita 15 hadi 25, mahali ambapo kwa kawaida hapana mawingu. Klorini iliyotoka kwenye gesi za majokofu na makopo ya kupulizia huwa imetulia ndani ya kampaundi mbili zisizodhuru ozoni. Juu ya chembe za mawingu hayo kampaundi hizo hukutana, zikamenyuka na kutoa gesi ya klorini. Mpaka hapo ozoni bado iko salama. Jua likirudi mwishoni mwa Agosti na Septemba, mwanga huzipasua molekuli za klorini, na atomu moja inaweza kuharibu maelfu ya molekuli za ozoni. Maelezo haya yalitolewa mwaka 1986 na Susan Solomon na wenzake, na mwaka huohuo Solomon akaongoza timu iliyokwenda kupima hewa katika kituo cha McMurdo, hukohuko Antaktika.

Kuiandika kemia hiyo ndani ya modeli ya tabianchi, yaani programu ya kompyuta inayoiga hewa ya dunia, ni ghali. Modeli huigawa angahewa katika visanduku vingi sana, na ndani ya kila kisanduku kuna kemikali kadhaa na mimenyuko mamia inayokwenda kwa mwendo tofauti kabisa. Kuna kemikali inayoishi chini ya sekunde moja, na kuna gesi kama CFC-12, mojawapo ya zile za majokofu, inayodumu karibu miaka 100. Kompyuta inalazimika kwenda kwa hatua ndogo ndogo ili isiipoteze ile kemikali ya haraka, hata kama swali letu ni la karne nzima. Ndiyo maana modeli nyingi za tabianchi haziikokotoi ozoni kabisa. Hupewa jedwali lililoandaliwa kabla, na jedwali halijibu chochote hali ya hewa inapobadilika.

Ujifunzaji wa mashine unaingia hapo. Mvuvi mkongwe wa Pemba anajua bamvua itafika wapi na maji mafu yatakaa siku ngapi, bila kuandika hesabu hata moja ya mvuto wa mwezi. Ameona mara nyingi, akakariri mwenendo. Mashine nayo huoneshwa mamilioni ya mifano, "hali ilikuwa hivi asubuhi, ozoni ikawa hivi kesho yake", hadi iweze kutoa jibu bila kupitia mimenyuko yote. Ila mpeleke mvuvi huyo pwani asiyoijua, ujuzi wake haumfai tena.

Mfano ninaoupenda zaidi ni SWIFT, modeli ya ozoni iliyotengenezwa na watafiti wa Taasisi ya Alfred Wegener ya Ujerumani. Nje ya eneo la ncha, SWIFT hukadiria badiliko la ozoni la saa 24 kutokana na vigezo vichache: latitudo, kimo, halijoto, ozoni iliyo juu ya mahali hapo na makundi machache ya kemikali. Mwanzoni walitumia polinomia, yaani fomula ya aljebra, kisha ukajaribiwa mtandao wa nyuroni, programu inayojifunza kutokana na mifano. Lakini ndani ya hewa iliyofungwa ya ncha hawakufanya hivyo. Waliacha milinganyo michache ya kikemia inayofuatilia kemikali kuu siku hadi siku. Sababu ni kwamba hewa ya ncha ina kumbukumbu. Ozoni ya Septemba haitegemei halijoto ya Septemba peke yake, bali pia ubaridi wa Juni na Julai ulioamsha klorini. Mashine inayotazama leo tu haiwezi kujua. Kwa maoni yangu uamuzi ule ulikuwa wa busara: sheria za kemia hazikuachwa kwa sababu tu kuna njia ya mkato.

Somo kama hilo lilitoka kwa Christoph Keller na Mat Evans mwaka 2019, walipoifundisha miti ya maamuzi, mbinu ya mashine inayofikia jibu kwa msururu wa maswali, kuchukua nafasi ya kemia ndani ya GEOS-Chem, modeli ya kemia ya angahewa. Shida yao kubwa ilikuwa makosa kurundikana, kwa kuwa jibu la saa hii ndilo linaloingizwa saa ijayo. Iliwasaidia kuitaka mashine itabiri badiliko, si kiasi chenyewe, kwa gesi zinazodumu muda mrefu, na kuzihesabu oksidi za naitrojeni kama familia moja ili atomu zisipotee njiani.

Tatizo gumu zaidi ni matukio yasiyo na mfano, na ncha za dunia zimejaa matukio hayo. Machi na Aprili 2020 ozoni ya Aktiki, ambayo kwa kawaida haipungui kama ya kusini, ilishuka kuliko wakati wowote uliorekodiwa. Kwenye kimo cha karibu kilomita 18, zaidi ya asilimia 90 iliangamia. Meli ya utafiti Polarstern ilikuwa imenaswa kwenye barafu huko kwa makusudi, ikirusha maputo ya vipimo. Moshi wa misitu iliyoungua Australia mwaka 2019 na 2020 ulipanda hadi stratosfia na kuamsha klorini kwenye joto ambalo isingeamka. Januari 2022 volkano ya Hunga, Tonga, ikarusha juu takriban tani milioni 150 za mvuke wa maji. Mashine iliyofundishwa kwa data za kabla ya hapo haijawahi kuona stratosfia yenye maji hivyo, na itatoa jibu lake kwa ujasiri uleule.

Kwa hiyo vipimo haviwezi kuachwa eti mashine imeshajua. Halley yenyewe, tangu 2017, haikaliwi na watu wakati wa baridi kwa sababu ya nyufa kwenye barafu inayoibeba, na imebidi vifaa vifundishwe kujiendesha.

Msomaji wa Afrika Mashariki anahusika hapa kuliko anavyodhani. Sehemu kubwa ya ozoni hutengenezwa juu ya ukanda wa tropiki, ambako jua ni kali, kisha hewa huisafirisha polepole kuelekea ncha. Sekretarieti ya Ozoni ya Umoja wa Mataifa iko Nairobi. Marekebisho ya Itifaki ya Montreal, makubaliano ya dunia ya kulinda ozoni, yanayopunguza gesi za HFC zilizochukua nafasi ya zile za zamani za majokofu, yalipitishwa Kigali mwaka 2016. Na Nairobi hiyohiyo, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hurusha maputo ya kupima ozoni ndani ya SHADOZ, mtandao wa vituo vya kupima ozoni katika ukanda wa tropiki, kazi iliyoanza miaka ya 1990.

Data za SHADOZ ni bure na ziko wazi mtandaoni. Mwanafunzi wa Dodoma, Eldoret au Bujumbura mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuzipakua leo, akaifundisha modeli ndogo kwa miaka ya mwanzo, kisha akaijaribu kwa miaka ambayo haijaiona. Aangalie hasa wapi inakosea, na katika miezi ipi.