Madume tasa: kumpiga vita nzi kwa nzi mwenzake

Madume tasa ni wadudu waliofugwa kiwandani, wakapigwa mionzi ili yai linalorutubishwa na mbegu zao life, kisha wakaachiwa huru wajamiiane na majike wa porini. Jike aliyepandwa na dume wa aina hii hutaga kama kawaida, ila mayai yake hayaanguliwi.

Mbinu hii ilibuniwa kwa ajili ya nzi wa vidonda wa Amerika, aitwaye kitaalamu Cochliomyia hominivorax. Mabuu wa nzi wengi hula kilichooza. Wa huyu hula nyama ya mnyama aliye hai. Jike hutafuta kidonda, na hana haja ya kikubwa: alama ya kupe, pembe iliyokatwa au kitovu kibichi cha ndama kinamtosha. Hubandika mayai 200 hadi 300 pembeni, na ndani ya siku moja mabuu wametoka. Huzama kichwa chini, mikia ikibaki juu kwa ajili ya kupumua. Ukimtoa mmoja aliyekomaa utaona mistari miwili myeusi upande wa nyuma, ndiyo mirija yake ya hewa. Baada ya siku 5 hadi 7 hudondoka, hujifukia udongoni na kuwa pupa. Kidonda kilichoachwa hutoa harufu inayoita majike wengine, hivyo hupanuka badala ya kupona.

Udhaifu wa nzi huyu uko kwenye ndoa: jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Edward Knipling na Raymond Bushland, watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, waliushika uzi huo, na mwaka 1954 kisiwa cha Curaçao kikasafishwa kabisa.

Siri yote ni uwiano. Chukua majike 1,000 na madume 1,000 wa porini, kila jike aliyepata dume mzima akiacha mabinti 5. Achia madume tasa 9,000. Jike mmoja tu kati ya 10 atapata dume mzima, hivyo kizazi kijacho kina majike 500. Achia tena wengine 9,000: uwiano sasa ni 18 kwa 1, wanabaki kama 130. Kizazi kinachofuata, kama 10. Sumu hupoteza nguvu kadiri wadudu wanavyopungua, kwa kuwa waliobaki ni wagumu kuwapata. Madume tasa huongeza makali, maana wao wenyewe ndio wanaowatafuta majike. Kinyume chake ni kweli pia: nzi wa porini wakiwa wengi kuliko uwezo wa kiwanda, unamwaga nzi bure.

Kiwandani, pupa hupigwa mionzi wakiwa na umri wa siku 5 na nusu hivi, karibu na kutoka. Mapema mno, wanatoka dhaifu. Dozi ikizidi, dume anakuwa tasa kweli lakini goigoi, na majike wanakwenda kwa wengine. Nzi walio tayari hupoozwa kwa baridi watulie, kisha humwagwa kwa ndege.

Kwa njia hiyo Marekani ilimwondoa mdudu huyu, Mexico ikafuata mwaka 1991, na Panama mwaka 2006. Ukanda wa kinga ukabaki Darién, mpakani mwa Panama na Colombia, ukilishwa na kiwanda cha Panama chenye uwezo wa nzi milioni 100 hivi kwa wiki. Kiwanda kikubwa cha Chiapas, kusini mwa Mexico, kilichokuwa na uwezo wa milioni 500, kilifungwa kwa kuwa kazi ilionekana imekwisha. Uamuzi huo ulikuja kuuma. Mwaka 2023 nzi walivunja ukanda, na Novemba 2024 wakagunduliwa kusini mwa Mexico.

Ukishaielewa ile hesabu, hatua za Marekani za mwaka 2025 zinasomeka kirahisi. Mpaka ulifungwa mwezi Mei kwa ng'ombe, farasi na nyati wa Amerika (bison) kutoka Mexico, kwa sababu nzi hasafiri mbali kwa mabawa kama anavyosafiri kwa lori, ndani ya kidonda. Dola milioni 21 zilitengwa kukigeuza kiwanda cha nzi wa matunda cha Metapa, Mexico, kiongeze milioni 60 hadi 100 kwa wiki. Agosti kikatangazwa kiwanda kipya Texas cha milioni 300 kwa wiki. Udhaifu wa mpango ni muda: kiwanda hakijengwi kwa mwezi, ilhali nzi, kwenye joto, humaliza mzunguko mzima kwa wiki tatu hivi.

Kwa mfugaji aliye kwenye eneo lenye nzi huyu, kazi ni kupunguza vidonda. Kuhasi, kukata pembe na kupiga chapa huahirishwa hadi msimu wa baridi. Vitovu vya ndama hutiwa dawa siku ileile ya kuzaliwa. Mabuu waliotolewa hawatupwi chini, kwani aliyekomaa atajifukia na kuibuka akiwa nzi. Wanatiwa kwenye spiriti na chupa inapelekwa kwa daktari wa mifugo.

Unguja ilitumia mbinu hiyohiyo dhidi ya mbung'o miaka ya 1994 hadi 1997, madume wakifugwa Tanga. Huko palikuwa na tatizo ambalo nzi wa vidonda hana: mbung'o dume naye hunyonya damu na anaweza kueneza nagana, ugonjwa wa mifugo. Ikabidi wanyweshwe kwanza damu yenye dawa ya nagana, ndipo waachiwe.